Lebanoni: nchi ya Kiarabu yenye jumuiya 18 za dini



Kila mara habari za vita vya Mashariki ya Kati zinapotangazwa redioni, maswali yale yale yanarudi katika makanisa yetu. Waarabu si wote ni Waislamu? Mkristo anawezaje kuwa Mwarabu? Maswali haya yana asili yake. Kwetu mashariki ya Kongo, watu walilijua jina la Mwarabu katika karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipofika Nyangwe na Kasongo, siku za Tippu Tip. Wazee wetu walimwita Mwarabu hata Mswahili wa Zanzibari, mradi tu alivaa kanzu na kuswali. Hivyo jina la watu na jina la dini vilishikamana, na mpaka leo wengi wetu hatuvitenganishi.

Lakini Biblia inatufundisha mengine. Matendo ya Mitume 2:11 inawataja Waarabu kati ya wale waliosikia matendo makuu ya Mungu siku ya Pentekoste. Hiyo ilikuwa karne nyingi kabla ya Uislamu. Na siku hizi kuna nchi moja ya Kiarabu ambako, kwa desturi ya taifa, rais ni lazima awe Mkristo. Ni Lebanoni, nchi ya mierezi, ya Tiro na Sidoni. Tunataka kuieleza kwa utaratibu, kwa sababu mambo yaliyoipata yanatuhusu sana sisi tunaoishi katika majimbo yenye makabila mengi.

Nchi ndogo, watu wa namna nyingi

Lebanoni ina ukubwa wa kilomita za mraba 10,452 tu. Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini peke yake linaizidi zaidi ya mara tano. Upande wa magharibi kuna bahari ya Mediterania, katikati milima mirefu, na nyuma ya milima bonde la Bekaa. Milima hiyo ndiyo inayoeleza historia ya watu wake. Kwa karne nyingi, kila kikundi kilichoonewa mahali pengine kilipanda mlimani kutafuta usalama. Watu walikimbilia huko kama vile watu wetu wanavyokimbilia msituni vita vinapoanza. Tofauti ni kwamba wao walibaki huko, wakajenga vijiji na nyumba za ibada.

Karibu wote wanasema Kiarabu. Kuwa Mwarabu ni jambo la lugha na desturi kuliko dini. Mkristo wa Lebanoni anaomba kwa Kiarabu, na katika Biblia yake jina la Mungu ni Allah, neno lile lile analolitumia jirani yake Mwislamu. Tusishangae. Hata Kiswahili tunachohubiria kimekopa mengi kutoka Kiarabu: imani, dhambi, rehema, sala, hata neno Injili.

Hata hivyo, si wote wanaokubali kuitwa Waarabu. Baadhi ya Wakristo wa milimani wanasema wao ni wazao wa Wafoinike, watu wa kale wa Tiro na Sidoni. Kuna Waarmenia, ambao babu zao waliponyoka mauaji ya kimbari ya mwaka 1915 katika utawala wa Waturuki. Hao wana lugha yao, shule zao na mtaa wao mkubwa, Bourj Hammoud, karibu na Beirut. Kuna Wakurdi wachache. Kuna Wapalestina waliokimbia mwaka 1948, ambao wajukuu na vitukuu vyao bado wako kambini. Na tangu vita vya Siria vilipoanza mwaka 2011, zaidi ya Wasiria milioni moja waliandikishwa huko kama wakimbizi.

Jumuiya 18 mbele ya sheria

Serikali ya Lebanoni inatambua jumuiya 18 za dini. Neno jumuiya hapa lisichanganywe na jumuiya zetu ndani ya ECC, ambazo zote ni za Kiprotestanti. Huko jumuiya ni kundi zima la watu ambamo mtu anaandikwa tangu kuzaliwa, aende kuabudu au asiende.

Jumuiya 12 ni za Kikristo. Kubwa kuliko zote ni ya Wamaroni, wanaomkumbuka mtawa Maroni wa karne ya 4 na ambao wako katika umoja na Kanisa la Roma. Baada yao wanakuja Waorthodoksi wa Kigiriki, ambao huitwa hivyo kwa sababu ya asili ya ibada yao, ingawa wenyewe ni watu wa Kiarabu, halafu Wakatoliki wa Kigiriki. Kuna Waarmenia Waorthodoksi na Waarmenia Wakatoliki, Wasiriani wa makanisa mawili, Waashuru, Wakaldayo, Wakopti na Wakatoliki wa Kilatini. Na kuna Waprotestanti, ndugu zetu.

Jumuiya 5 zinahesabiwa upande wa Uislamu. Wasuni wako hasa katika miji ya pwani: Tripoli, Sidoni na Beirut. Washia wako kusini, katika bonde la Bekaa na katika mitaa ya kusini ya Beirut. Wadruzi, ambao imani yao ilianza Misri katika karne ya 11, wako katika milima ya Chouf, na hawapokei waongofu wapya. Waalawi na Waismaili ni wachache. Jumuiya ya 18 ni ya Wayahudi, ambao leo wamebaki wachache mno.

Kila jumuiya ina sheria zake juu ya ndoa, talaka na mambo ya familia, na kubwa zina mahakama zake. Ndani ya nchi hakuna utaratibu wa kawaida wa ndoa ya serikali kama tunayoifunga sisi mbele ya ofisa wa komini. Kijana Mkristo na binti Mwislamu wakitaka kuoana bila mmoja kubadili dini, mara nyingi wanasafiri mpaka kisiwa cha Kipro, wanafunga ndoa huko, halafu wanarudi nayo nyumbani iandikishwe.

Hesabu ya mwaka 1932

Lebanoni ya leo ilitangazwa na Wafaransa tarehe 1 Septemba 1920, baada ya utawala wa Waturuki kuanguka. Wafaransa waliunganisha milima ya Wamaroni na Wadruzi pamoja na miji ya pwani, kusini na Bekaa, ambako Waislamu walikuwa wengi. Mwaka 1932 watu walihesabiwa. Wakristo walionekana kuwa wengi kidogo, juu tu ya nusu. Wamaroni walikuwa karibu 29 kwa kila watu 100, Wasuni karibu 22, Washia karibu 20.

Mwaka 1943, wakati wa uhuru, Mmaroni Bechara El Khoury na Msuni Riad al-Solh walipatana kwa mdomo, bila maandishi. Patano hilo linaitwa Patano la Kitaifa. Rais atakuwa Mmaroni, waziri mkuu Msuni, na spika wa bunge Mshia. Viti vya bunge viligawanywa kwa kipimo cha Wakristo 6 kwa Waislamu 5.

Tangu mwaka 1932 mpaka leo, Lebanoni haijafanya tena hesabu rasmi ya raia wake kwa dini. Kila mtu anajua kwamba mambo yamebadilika. Wakristo wengi wamehamia Amerika, Ulaya na Afrika, hata hapa Kongo tunawajua wafanyabiashara Walebanoni. Watafiti wengi wanakadiria kwamba Wakristo sasa ni kama theluthi moja ya raia. Lakini kuhesabu ni kufungua tena mjadala wa viti, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuufungua.

Jambo hili sisi tunalielewa vizuri. Hesabu ya mwisho ya watu katika nchi yetu ni ya mwaka 1984. Pale ambapo hakuna hesabu ya kweli, kila kabila linajihesabu lenyewe kwa mdomo, na kila moja linajikuta kuwa ndilo lenye watu wengi.

Hofu ya hesabu imewaumiza wengi huko. Mwanamke Mlebanoni aliyeolewa na mgeni hawezi kuwapa watoto wake uraia wake. Wapalestina wanazuiwa kufanya kazi nyingi na kununua nyumba. Sababu moja inayotajwa mara kwa mara ni hii: wengi wao ni Wasuni, kwa hiyo wakipewa uraia mizani itaelemea upande mmoja. Mtoto anazaliwa, na kabla hajapewa jina tayari ni uzito kwenye mizani ya watu wengine.

Kadi mkononi

Tarehe 13 Aprili 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Beirut. Vilidumu miaka 15, na watu zaidi ya 100,000 walikufa. Wakati ule kadi ya raia ilikuwa imeandikwa dini ya mwenye kadi. Tarehe 6 Desemba 1975, siku ambayo Walebanoni wanaiita Jumamosi Nyeusi, wanamgambo Wakristo waliweka bariere barabarani, wakawashusha watu kwenye magari, wakasoma kadi, na kuwaua Waislamu. Waislamu nao waliweka bariere zao na kuwaua Wakristo. Mwezi wa Januari 1976, katika mtaa wa Karantina, waliouawa walikuwa Waislamu. Siku chache baadaye, katika mji wa Damour, waliouawa walikuwa Wakristo.

Tunaandika jambo hili waziwazi kwa sababu tunasikia mara nyingi kwamba huko Mashariki ya Kati Wakristo wameteswa tu. Wameteswa kweli. Lakini pia wapo waliovaa msalaba shingoni na kuua watu waliokuwa hawana silaha. Kanisa linalosema nusu ya habari haliwezi kutubu.

Na kuna jambo lingine la kuangalia. Vita vilianza kati ya jumuiya moja na nyingine, lakini havikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1988 Washia walipigana na Washia, vyama vyao viwili. Mwaka 1990 Wakristo walipigana na Wakristo ndani ya mitaa yao wenyewe. Aliyesema "tukibaki sisi kwa sisi tutakuwa salama" aliona adui akizaliwa ndani ya nyumba yake.

Mwaka 1989 wabunge wa Lebanoni walikutana Taif, mji wa Saudi Arabia, wakatia sahihi makubaliano. Viti viligawanywa nusu kwa nusu. Leo bunge lina wabunge 128: Wakristo 64, Waislamu pamoja na Wadruzi 64. Makubaliano yale yalisema pia kwamba ugawaji wa madaraka kwa dini utaondolewa hatua kwa hatua. Mpaka sasa haujaondolewa. Mwaka 1991 sheria ya msamaha ilifuta makosa mengi ya vita, na wakuu kadhaa wa wanamgambo wakawa mawaziri na wabunge. Familia za watu waliopotea zilingoja mpaka mwaka 2018 kupata sheria ya kuwatafuta wapendwa wao.

Tuwe wa haki: mgawanyo ule una faida yake. Jumuiya ndogo inajua kwamba haitamezwa. Kanisa lina uhuru, msikiti una uhuru, na mtu anaweza kuchapisha na kuhubiri kuliko katika nchi nyingi za jirani. Hofu ya walio wachache si uongo, na yeyote anayeidharau anaandaa vita vingine. Lakini mgawanyo ule umemfanya kila kiongozi kuwa mlinzi wa watu wake tu. Anapoiba, watu wake wanamtetea, kwa sababu akianguka kiti kitakwenda kwa wengine. Mwezi wa Oktoba 2019, wakati uchumi ulipokuwa ukianguka, watu wa jumuiya zote waliingia barabarani pamoja wakiwakataa viongozi wao wote. Tarehe 4 Agosti 2020 shehena iliyohifadhiwa ovyo kwa miaka katika bandari ya Beirut ililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Mlipuko haukuuliza mtu dini yake.

Waprotestanti wenye kiti kimoja

Katika wale wabunge 128, Waprotestanti wana kiti kimoja. Ni wachache sana. Mmoja wa waamini wao wa kwanza, Asaad Shidyaq, alifungwa na wakuu wa kanisa lake la zamani, akafa gerezani karibu mwaka 1830. Lakini kazi ya kundi hili dogo imewafikia Wakristo wote wa Kiarabu. Biblia ya Kiarabu inayotumiwa sana mpaka leo ilitafsiriwa Beirut na wamisionari Eli Smith na Cornelius Van Dyck pamoja na wataalamu wenyeji, ikakamilika katika miaka ya 1860.

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Butrus al-Bustani. Alizaliwa Mmaroni mwaka 1819 na baadaye akawa Mprotestanti. Mwaka 1860 Wadruzi na Wamaroni walichinjana milimani, maelfu walikufa, na wakimbizi walijaa Beirut. Bustani hakuandika kuomba kisasi wala kuhesabu maiti za upande mmoja. Alichapisha makaratasi 11 ya kuwaita watu wote wa nchi wapendane kama wana wa nchi moja. Hakutia jina lake, alijiita tu mpenda nchi. Halafu mwaka 1863 akafungua shule Beirut iliyopokea watoto wa dini zote, wakae kwenye benchi moja. Hakungoja wakubwa wapatane kwanza.

Ushuhuda mwingine ni wa siku zetu. Jeshi la Siria liliingia Lebanoni mwaka 1976, likaondoka mwaka 2005 tu. Katika miaka ile Walebanoni wengi walipigwa, walifungwa, walipoteza ndugu. Kisha, kuanzia mwaka 2011, Wasiria walewale walivuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Wakristo wengi wa Lebanoni walikuwa na sababu ya kufunga mlango. Hata hivyo makanisa ya kiinjili yaligawa chakula na kufungua madarasa kwa watoto wa wakimbizi, wengi wao Waislamu. Hatusemi ilikuwa rahisi, wala kwamba wote walikubali. Tunasema ilifanyika.

Na sisi?

Wapendwa, tunafahamu uzito wa maneno haya hapa kwetu. Sisi pia tuna majirani ambao majina ya nchi zao yanatuuma. Sisi pia tumepita kwenye bariere ambako uso, jina au lugha ya mtu vilisomwa kama kadi. Na ndani ya makanisa yetu tuna ile tunayoiita jeopolitike: mwenyekiti akiwa wa kabila hili, katibu awe wa lile, mhasibu wa lingine. Mara nyingi tunafanya hivyo ili pasiwe na malalamiko. Mitume wenyewe waliposikia manung'uniko ya wajane wa Wayahudi wa Kigiriki, katika Matendo 6, hawakuyapuuza. Walichagua watu saba, na majina yao yote ni ya Kigiriki. Yaani waliwakabidhi chakula cha wote watu wa upande uliokuwa umeonewa.

Hapo ndipo tunaona tofauti na Lebanoni. Mitume hawakumpa kila mmoja sehemu yake ya kulinda. Walichagua watu wenye kushuhudiwa wema, wawahudumie hata wajane wa upande mwingine. Kugawana viti kunaweza kutuliza hofu kwa muda, na pengine ni lazima kuanzia hapo. Lakini shemasi anayejua kwamba aliwekwa kwa ajili ya kabila lake tu hawezi kumtembelea mgonjwa wa kabila lingine kwa moyo mweupe. Tukiwaweka watu hivyo, tunajenga ndani ya kanisa ile nyumba iliyoungua Beirut.

Bwana wetu alipofika katika nchi ya Tiro, ambayo leo ni kusini ya Lebanoni, alikutana na mama mgeni aliyemwombea binti yake. Marko 7 inaeleza mazungumzo yao magumu, na mwisho wake mtoto akapona. Mama yule hakuwa na kiti popote. Alikuwa na mtoto mgonjwa na imani.

*Maswali ya kujadiliana katika vikundi:*

1. Tunaposema "Mwarabu", tunafikiri nini? Tumejifunza nini kipya?
2. Katika parokia yetu, kazi zinagawanywa kwa kipawa, kwa kabila, au kwa vyote viwili? Nani anabaki nje?
3. Butrus al-Bustani alifungua shule wakati majeraha bado mabichi. Je, kanisa letu linaweza kufungua nini mwaka huu ambacho watoto wa pande zote watakaa pamoja?

Tuombe kwa ajili ya makanisa ya Lebanoni, madogo na makubwa, na kwa majirani wao Waislamu na Wadruzi. Tuombe pia kwa ajili ya vijiji vyetu, ili mtu akipita barabarani aulizwe habari za safari, asiulizwe kabila lake.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.